Keshia, Baba Krismasi na kisanduku cha chakula

Nilifika kwenye filamu hii kwa njia ya muziki, wala si kwa njia ya sinema. Desemba iliyopita nilikuwa nikitafuta rekodi za Oscar Peterson, mpiga piano wa jazi kutoka Montreal ambaye nimemsikiliza tangu ujana wangu, na katika kupitia orodha ya kazi zake nikakuta kwamba mwaka 1978 aliandika muziki wa filamu moja ya Kanada iitwayo The Silent Partner. Nilishangaa kwa sababu nilidhani nazifahamu kazi zake zote za maana, na jina la filamu hiyo sikuwahi kulisikia hata mara moja, ingawa waigizaji wake wakuu ni watu ambao sura zao hazihitaji kutambulishwa. Mmoja ni Elliott Gould, ambaye wengi wanamjua kama baba yao Ross na Monica katika tamthilia ya Friends. Mwingine ni Christopher Plummer, yule Kapteni von Trapp wa The Sound of Music, filamu ambayo masista wa shule yetu walituonyesha kila mwisho wa muhula mpaka tukawa tunaimba kabla ya watoto wake hawajafungua midomo. Nikaitafuta filamu hiyo, nikaipata, nikaitazama usiku uleule, na kesho yake nikaitazama tena.

Ni lazima nikiri mapema kwamba katika jambo hili mimi si mtazamaji asiye na upande. Kwa miaka sita nilikuwa keshia katika tawi la benki moja mjini Tanga, dirisha namba tatu, na hii ni filamu ya keshia. Nimeona filamu nyingi za wizi wa benki, na karibu zote humfuata jambazi: tunamwona akipanga, akichora ramani, akigombana na wenzake juu ya mgawo, na siku ya tukio keshia huonekana kwa nusu dakika tu, ama akipiga yowe, ama akiwa ameinua mikono juu, kisha anasahaulika moja kwa moja kana kwamba jioni ile hakuwa na hesabu ya kufunga. Hapa mambo yamegeuzwa. Kamera imekaa upande wetu wa kaunta, na jambazi ndiye mgeni anayekuja kupanga foleni.

Miles Cullen, anayeigizwa na Gould, anafanya kazi katika benki ndogo iliyo ndani ya Eaton Centre, jumba la maduka la katikati ya Toronto ambalo lilifunguliwa mwaka 1977, kwa hiyo katika filamu bado linang'aa upya wake, na paa lake refu la kioo, na ngazi zake za umeme zinazopandisha na kushusha umati wa watu wanaonunua zawadi za Krismasi. Miles ni mtu mpole, hajaoa, anafuga samaki wa mapambo nyumbani kwake, na wenzake kazini wanamchukulia kama sehemu ya samani za ofisi. Anampenda Julie, mfanyakazi mwenzake anayeigizwa na Susannah York, lakini Julie ana uhusiano wa siri na meneja wa tawi, na Miles analijua hilo. Siku moja anaokota slipu iliyotupwa, na juu yake anakuta maneno ya mtu aliyekuwa akijaribu kumwandikia keshia ujumbe, kwamba ana bastola na kwamba anataka fedha zote. Baadaye, akipita nje ya benki, anamwona Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba akikusanya sadaka kutoka kwa wapita njia. Anasoma bango lake, na anatambua kwamba mwandiko ni uleule.

Mtu mwingine yeyote angemkimbilia meneja. Miles hasemi neno. Siku za kazi zinazofuata anakuja na kisanduku cha zamani cha chakula, cha aina ile wanayobeba watoto wa shule, chenye picha ya Superman, na anakiweka karibu na miguu yake.

Naomba nilieleze jambo hili kwa lugha ya kaunta, maana ndipo ilipo roho ya filamu yenyewe. Keshia huanza siku akiwa na kiasi fulani cha fedha alichokabidhiwa kwa saini. Mteja anayeweka fedha huja na slipu. Keshia huhesabu, hugonga muhuri, humrudishia mteja nakala yake, na fedha huingia kwenye droo. Jioni hesabu ni moja tu: ulichoanza nacho, jumlisha ulichopokea, toa ulichotoa, na kinachobaki lazima kiwe mbele yako mezani. Kikipungua ni shoti, kikizidi pia kuna maswali. Hakuna namna ambavyo keshia anaweza kuchukua noti moja bila noti ile kumwita kwa jina ifikapo saa kumi na moja. Hata hivyo liko tukio moja tu ambalo droo ya keshia inaweza kuwa tupu na asiwepo wa kumwuliza, nalo ni ujambazi. Siku hiyo benki haijui jambazi ameondoka na kiasi gani. Inachukua tarakimu zilizo vitabuni, inatoa kilichosalia, na kinachokosekana chote kinaandikwa kwa jina la mwizi. Watu wawili tu duniani wanaojua kama hesabu hiyo ni ya kweli: mwizi mwenyewe na keshia aliyesimama mbele yake.

Miles amelielewa hilo peke yake, bila kufundishwa na mtu. Mteja anapoleta fedha nyingi, anazihesabu kwa utulivu, anagonga muhuri, anarudisha nakala kwa tabasamu, na bunda la noti linashuka chini, lisiingie kwenye droo bali kwenye kisanduku cha Superman. Vitabu ni safi kama theluji ya Toronto. Siku Baba Krismasi anapofika dirishani na ujumbe wake, kilichomo ndani ya droo ni kidogo, na ndicho anachokabidhiwa. Polisi wanakuja, meneja anajumlisha, televisheni inatangaza jioni kwamba benki imeibiwa makumi ya maelfu ya dola, na mahali fulani mjini mtu aliyeondoka na fungu dogo la noti anaisikia tarakimu hiyo na kutambua kwamba aliyeibiwa ni yeye.

Niliisimamisha filamu hapo nikacheka peke yangu sebuleni. Ni ujanja wa Sungura kabisa, ule wa kumwacha Fisi abebe lawama na yeye abaki na nyama, ila Fisi wa Toronto si wa kuchezewa, kama tutakavyoona.

Hadithi yenyewe haikuzaliwa Kanada. Imetoka katika riwaya ya mwandishi wa Denmaki, Anders Bodelsen, iliyochapishwa mwaka 1968 kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Fikiria Namba, na Wadenmaki wenyewe waliifanyia filamu mwaka 1969. Kwa maoni yangu jina hilo la Kidenmaki lingefaa zaidi, kwa sababu kila kitu kinachotokea baadaye, mpaka damu inayomwagika, kinatokana na tofauti kati ya namba mbili: iliyotangazwa na iliyochukuliwa.

Tofauti ya namba mbili naifahamu vizuri kuliko nipendavyo. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mwaka 2011, foleni ikiwa imetoka nje ya mlango kwa sababu mishahara ilikuwa imeingia, nilimlipa mtu fulani noti 20 za shilingi 10,000 zaidi ya alizostahili. Sijui nilimlipa nani, na sikuwahi kujua. Jioni droo yangu ikawa na shoti ya shilingi 200,000. Tulihesabu mara tatu. Tulipitia slipu moja moja, tukainua mashine ya kuhesabia noti tukatazama chini yake, tukamwaga kapu la taka tukachambua vikaratasi vya kufungia mabunda, na wakati wote huo wenzangu walikuwa wamekaa na mikoba yao mapajani, kwa sababu siku haifungwi mpaka madirisha yote yamefungwa. Hakuna aliyeniambia neno baya. Kimya chao ndicho kilichoniumiza, na baada ya hapo mshahara wangu ulikatwa shilingi 50,000 kwa miezi minne. Kwa hiyo nilipomwona Gould akipokea bunda la mteja, uso wake ukiwa mtulivu kama maji ya mtungini huku mkono ukishuka taratibu chini ya kaunta, viganja vyangu vililowa jasho. Katika filamu nzima hakuna mlipuko wa bomu unaofikia mkono ule.

Jambazi anaitwa Harry Reikle, na hapa ndipo Plummer anapotisha. Sisi tuliomzoea akipiga gitaa na kuimba kuhusu ua la milimani hatukuandaliwa kwa mtu huyu. Plummer alizaliwa Toronto mwaka 1929, kitukuu cha waziri mkuu wa tatu wa Kanada, John Abbott, na alikuwa mwigizaji wa Shakespeare mwenye sauti ambayo ingeweza kusoma hata bei za samaki ikasikika kama sala. Sauti hiyohiyo anaitumia kwenye simu kumwambia Miles, kwa adabu na bila haraka, kwamba anajua. Anampigia kutoka kibanda cha simu kilicho ng'ambo ya barabara, mahali ambapo Miles akichungulia dirishani anamwona. Halafu usiku mmoja anafika mpaka mlangoni, anainama, anakisukuma kifuniko cha upenyo wa barua, na tunachokiona ni macho yake tu ndani ya ule mstatili mwembamba, yakizunguka chumbani. Nimetazama filamu nyingi zenye mizimu na mapanga, lakini macho yale mlangoni ndiyo yaliyonifanya niamke kwenda kuhakikisha kama komeo langu limeingia sawasawa.

Kuanzia hapo filamu inakuwa mchezo wa watu wawili ambao kila mmoja ameshika kosa la mwenzake mkononi na hakuna anayeweza kwenda polisi. Reikle akisema Miles ameiba, atakuwa amejitaja. Miles akimtambua Reikle mbele ya askari, kisanduku kitatajwa pia. Katika biashara, yule anayeweka mtaji bila jina lake kuonekana kwenye mlango wa duka huitwa mbia wa kimya, na ndiyo maana ya jina la filamu, ingawa mpaka mwisho sikuweza kuamua ni yupi kati yao aliye mbia na ni yupi mwenye duka. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Miles ni kimya chenyewe: mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza anafikiri nini, na ambaye sasa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anafikiri kwa faida yake mwenyewe. Raha ya filamu ni kumwona akigundua kwamba ana kipaji cha uhalifu. Hofu yake ni kugundua kwamba sisi tunaotazama tumekuwa upande wake bila hata kuombwa.

Sitaeleza mapambano yenyewe yanavyokwenda. Nitadokeza kitu kimoja tu, kwa kuwa kinaonyesha namna filamu hii inavyofikiri. Fedha zinawekwa kwenye sanduku la amana ndani ya benki ileile zilikoibiwa, jambo ambalo ni la akili sana, na ufunguo wa sanduku hilo unafichwa ndani ya chupa ya jamu, jambo ambalo pia ni la akili mpaka utakapokumbuka kwamba jokofu la mtu anayeishi peke yake linaweza kusafishwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo taharuki ya filamu hii: slipu, ufunguo, jamu, muhuri, vitu ambavyo sote tumevishika leo asubuhi. Nadhani hata marehemu Lufufu, ambaye alikuwa akitutafsiria sinema kwenye vibanda vya video kwa maneno mengi kuliko waliyosema waigizaji wenyewe, angepata shida hapa, kwa sababu katika dakika muhimu kabisa hakuna anayesema chochote. Mtu anaitazama chupa tu.

Muziki wa Peterson, ambao ndio ulionileta, unatumika kwa uchache, na hilo lilinipendeza zaidi ya vile ambavyo ningefurahi kuusikia kila wakati. Peterson alizaliwa Montreal mwaka 1925, baba yake akiwa mhamiaji kutoka visiwa vya Karibi aliyefanya kazi ya uhudumu kwenye treni, na kufikia mwaka 1978 alikuwa tayari ni mmoja wa wapiga piano mashuhuri duniani, mtu ambaye vidole vyake vingeweza kuijaza kila sekunde ya filamu kama angeruhusiwa. Amejizuia. Kuna pahala ambapo piano inaingia wakati Miles anatembea kati ya maduka, nyepesi na ya mjini, kama ya mtu aliyepata nyongeza ya mshahara, na unapoisikia unajua anachokifikiria kabla hajafanya lolote.

Kwa nini basi filamu hii ilitupita? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria ya kodi. Kuanzia mwaka 1974 serikali ya Kanada iliruhusu mtu aliyewekeza katika filamu iliyothibitishwa kuwa ya Kikanada kuondoa kiasi chote alichowekeza kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Matokeo yake yanaeleweka: madaktari, mawakili na wenye maduka wakawa ghafla wapenzi wa sanaa, na katika miaka iliyofuata zikatengenezwa filamu nyingi ambazo lengo lake lilikuwa ni kuwepo tu ifikapo mwezi wa kulipa kodi, haidhuru kama kuna mtu angezitazama. Nyingi zilikuwa mbovu, na nyingi zilijitahidi kuificha Kanada, Toronto ikijifanya New York na noti za dola za Kanada zisionekane mezani. Ukichanganywa na ndugu wa namna hiyo, hata ukiwa mwema utaitwa mwana wa nyumba ile. The Silent Partner ilizaliwa katika wimbi hilohilo, lakini haioni haya juu ya mji wake. Toronto ni Toronto, jumba la maduka ni lilelile ambalo mtu anaweza kwenda leo akapanda ngazi zake. Katika tuzo za filamu za Kanada za mwaka 1978 ilitajwa kuwa filamu bora, mwongozaji wake Daryl Duke akapata tuzo, na Peterson naye akapata yake kwa muziki. Ilipovuka mpaka kuingia Marekani mwaka 1979, ilipita kimya, kama keshia wake.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wa rika langu watalifurahia. Miongoni mwa waliokuwa nyuma ya filamu hii ni Mario Kassar na Andrew Vajna, waanzilishi wa kampuni ya filamu ya Carolco, ambao miaka michache baadaye, mwaka 1982, walitoa First Blood, yaani Rambo wa kwanza. Ndiyo kusema kwamba watu waliotuletea jina ambalo Tanzania nzima ililibandika kwenye mifuko ya plastiki, tukabebea nyanya na dagaa ndani ya rambo mpaka ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, walianzia karibu na hadithi ya mtu anayeficha fedha ndani ya kisanduku cha chakula. Vibandani kwetu Rambo alifika, tena akarudi mara nyingi. Miles Cullen hakufika, na naelewa sababu yake: hana misuli, hana bunduki, na silaha yake kubwa ni kunyamaza.

Mwandishi wa filamu, Curtis Hanson, alikuwa bado kijana asiyejulikana. Baadaye aliongoza L.A. Confidential ya mwaka 1997, iliyompatia tuzo ya Oscar ya uandishi pamoja na Brian Helgeland, na mwaka 2002 akamwongoza Eminem katika 8 Mile. Ukiitazama kazi hii ya 1978 huku unajua hayo, unaona mahali alipojifunzia: uwezo wa kumweka mtu wa kawaida mbele ya mlango ulioachwa wazi na kusubiri bila haraka kuona kama ataingia. Aliyepiga picha ni Mwingereza Billy Williams, ambaye baadaye alishiriki tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika Gandhi. Na katika kona ya ofisi, kama mmoja wa wafanyakazi wa benki, yumo John Candy akiwa bado hajawa maarufu, mnene, mchangamfu, akifanya kazi ndogo aliyopewa kwa moyo wote.

Nisingependa mtu aitazame kwa sifa zangu tu halafu anilaumu. Filamu ina doa, na doa hilo ni kubwa. Reikle ni mkatili kwa wanawake, na hatuachiwi kulikisia hilo, tunaonyeshwa. Liko tukio moja linalohusu tangi la samaki ambalo sitalieleza, lakini nasema wazi kwamba mtu asiweke filamu hii watoto wakiwa wameketi mkekani, na hata mtu mzima mwenye moyo mwepesi ajue pa kugeuza uso. Wapo wanaosema kwamba bila tukio lile tusingeijua hatari aliyo nayo Miles. Mimi nadhani macho kwenye upenyo wa barua yalikwisha kutosha, na kwamba mlango ungefungwa usoni petu tukio lile lingetisha zaidi. Pia mhusika Elaine, mwanamke ambaye Reikle anamtuma kwa Miles, anayeigizwa na Céline Lomez, ameandikwa kwa haraka. Anabadili upande katika jambo la hatari ya maisha yake, na filamu haimpi hata kikombe kimoja cha chai cha kukaa na kulifikiria. Susannah York amepewa nafasi zaidi kidogo, na anaitumia vizuri: namna Julie anavyomtazama Miles inabadilika pole pole, kwanza kama samani, kisha kama samani iliyosogezwa, mwisho kama mtu anayemtia wasiwasi.

Lakini hata doa hilo halikunizuia kuibeba kwenye kompyuta yangu nilipokwenda Tanga mwezi Januari. Aliyekuwa mkuu wetu wa makeshia amestaafu, anaishi Raskazone, na tangu siku ile ya shoti yangu, alipokuwa yeye aliyekaa nami mpaka saa mbili za usiku tukipitia slipu, sikuwahi kumwita kwa jina zaidi ya Mama. Nilimwamkia, tukala, nikamwambia kuna filamu ya watu wa kazi yetu. Akasema macho yake hayasomi tena maandishi ya chini, basi nikakaa kando yake nikawa namtafsiria, kwa maneno machache kuliko Lufufu.

Alitazama bila kusema kitu mpaka Miles alipoingia kazini na kile kisanduku cha Superman. Hapo akaninyooshea kidole.

"Simamisha," akasema. "Huyu mimi ningemkamata siku ya pili."

"Kwa nini, Mama?"

"Keshia haingii kaunta na chakula. Si mkoba, si chakula, si koti lenye mifuko ya ndani. Wewe nilikukataza hata ile chupa yako ya uji."

Ilikuwa kweli. Nikamwuliza mbona siku ya pili, kwa nini asimkamate siku ya kwanza.

"Siku ya kwanza ningemwonya," akasema, akajifunga kanga yake vizuri mabegani. "Haya, iwashe. Nataka kuona kama huyo meneja wao ana akili."